Fungu la Msafiri

Katika nyumba ya Mwasiti hakuna aliyetia mkono chakulani kabla bakuli dogo halijajazwa. Lilikuwa bakuli la bati la buluu, limebanduka rangi ukingoni, na humo ndimo lilimowekwa fungu la msafiri: upawa wa kwanza wa kila chungu, kwa jina la mtu wa nyumba ile aliyekuwa njiani. Mwasiti alilitaja jina, akalifunika bakuli kwa kawa, akaliweka juu ya kichanja. Baadaye lililiwa na mtoto, au na maskini aliyepiga hodi, lakini kwa saa ile lilikuwa na mwenyewe. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia, aliyekuja na misafara kutoka Ujiji, enzi watu walipokwenda pwani kwa miguu na wengine wasirudi.

Mara nyingi jina lililotajwa lilikuwa la Salehe, mumewe. Salehe alifanya biashara ya kaniki, chumvi na tumbaku, na tangu wachimba dhahabu walipoanza kumiminika Geita, Shinyanga ikawa kwake mahali pa kubadilishia nguo. Alipanda lori la pamba mpaka lilipoishia, kisha akashika njia ya Kharumwa na wapagazi wake, na huko akakaa mwezi, mara nyingine zaidi. Akirudi alikuwa na mazungumzo matamu na zawadi ndogo ndogo. Mwasiti alimpenda. Tuliseme hilo mapema, maana wapo waliokuja kusema baadaye kwamba mwanamke yule hakuwa na mapenzi na mume.

Mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, aliyezaliwa Bagamoyo na asiyekubali mtu yeyote asahau jambo hilo, alilitazama bakuli la buluu na kuguna. "Mambo ya Kimanyema hayo," alisema. "Asiyekuwepo anapakuliwa, waliopo wanameza mate."

Lakini ugomvi wao mkubwa haukuwa bakuli. Ulikuwa Sabiti.

Sabiti alikuwa mtoto pekee wa Mwasiti na Salehe. Alikuwa amefikia umri wa kutukanana na wenzake uwanjani, na wenzake walimtukana vya kutosha, ila yeye hakujibu. Hakuwa kiziwi: mlango wa ghala la Mhindi ukilia kule mbali, aligeuka. Alikuwa tu hasemi. Akitaka maji alionyesha mtungi. Akiumia alilia bila sauti, midomo ameikaza, kidole amekitia kinywani kama mtu anayeziba chupa. Watu wa mtaa walikuwa na dawa mia, huruma hawakuwa nayo hata chembe. Huyu alisema mtoto alinyolewa nywele za kwanza siku mbaya, yule akasema ni jicho la mtu. Bi Mwanaidi hakuzunguka. "Tumbo lililotoa bubu litatoa bubu mwingine," alimwambia mwanawe, mkewe akisikia. "Oa."

Salehe hakusema ndiyo wala hapana. Alimwita mkewe chumbani, akamshika mkono.

"Mama Sabiti, mimi sina haja na mke wa pili. Unanijua. Lakini mama amenikaba koo. Nimekubaliana naye hivi: siku ya Idi tutamwalika Mwalimu wa chuo cha Kurani aje ale kwetu. Sabiti akisema mbele yake maneno yenye kichwa na miguu, ataingia chuoni na wenzake, nami nitaapa palepale kwamba sioi. Asiposema, tutampeleka kwa Wasukuma huko mbugani akachunge ng'ombe, maana ng'ombe hawataki mazungumzo. Na mimi nitaoa. Usinilaumu."

Kisha akaubusu ule mkono. Baadaye Mwasiti alikuja kulikumbuka busu hilo akatamani kuosha mkono kwa majivu.

Neno la kwanza lilitoka jikoni. Mageni, jirani yake Msukuma aliyemletea maziwa kila asubuhi na kubaki kupiga soga, alikuwa akisonga ugali wa mtama, naye Mwasiti akikoroga mlenda. Sabiti alichuchumaa kando ya mafiga. Akachovya kidole kwenye upawa, akaonja, akakunja uso, akasema, "Chumvi."

Mwasiti alionja. Kweli, alikuwa ameisahau chumvi.

"Mayu wane!" Mageni akaachia mwiko. "Umemsikia? Huyu si bubu, ng'wana wane, huyu ni mchaguzi!"

Siku ile Mwasiti alilia, akacheka, akamtia mtoto chumvi kiganjani ailambe. Na kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye akili, hakukimbilia kumwambia mtu. Alikaa akafikiri kwa nini neno lile lilitokea pale na si kwingine, na fikira zikampeleka kwa bibi yake.

Bibi yule hakujua kusoma, lakini aliijua njia ya Ujiji hadi pwani kambi kwa kambi, kwa kukumbuka alichokula kila kambi. Hapa walikula viazi vilivyoungua kwa sababu mvua ilizima moto, wakauwasha tena kwa hasira. Pale walipewa asali yenye nyuki ndani. Wanawe na wajukuu aliwafundisha kusema kwa njia hiyohiyo, akaiita safari ya chungu. Mtoto alisimulia chakula tangu kilikotoka mpaka kilipofika mdomoni, kilichokuwa mbele yake au cha zamani anachokikumbuka. Mkubwa anayesikiliza hakuruhusiwa kusahihisha wala kumdokezea. Alikuwa na neno moja tu la kusema: "Halafu?" Na safari ikishaanza haikatwi, hata nyumba ikiungua, mpaka msimuliaji mwenyewe aseme "Nimefika."

Basi Mwasiti akafungua chuo chake pale mafigani. Alimfumba Sabiti macho kwa kitambaa akampa vitu anuse: karanga zilizokaangwa, samaki mkavu wa ziwani, samli. Mtoto alitaja. Neno moja likawa mawili, "samaki ananuka", na mawili yakapata miguu. Mageni alileta michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na jino bovu la Sabiti likang'okea humo. Jambo hilo mtoto alilisimulia juma zima. "Michembe ngumu. Nikatafuna. Jino likatoka. Damu." "Halafu?" "Nikameza." "Jino?" akauliza Mageni. "Michembe!" Mageni akacheka mpaka akakaa chini. Kwa kuwa Mageni alikuwa pale kila siku, mtoto alianza kusema "wabeja" alipopewa kitu, badala ya asante. Bi Mwanaidi akashika kichwa: kumbe afunguke kinywa, afungukie Kisukuma!

Lakini hayo yote yalikuwa ya jikoni. Mbele ya baba yake, mbele ya mgeni yeyote, kidole kilirudi kinywani. Salehe alipoambiwa kwamba mwanawe anasema, alimtazama Sabiti, Sabiti akaziba chupa yake, na Salehe akampigapiga mkewe begani kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

Mchezo ule Mwasiti alikuwa amewahi kuuchezesha na mtoto mwingine, naye alikuwa Zuwena. Huyu alikuwa binti wa jirani aliyekufa kwa homa. Mwasiti alimchukua meno yake ya kitoto yakiwa bado yanang'oka, akamlea, akamfundisha kila alichokijua cha jikoni. Zuwena alimwita dada. Kwa safari za chungu hakuwa na mpinzani: angeweza kusimulia maharage makavu mpaka walioshiba wakasikia njaa tena. Alipokua na kuanza kufunga kanga kifuani, Salehe alileta habari njema kutoka Geita. Fundi wa mitambo mmoja, Mmanyema, mtu mwenye heshima, anataka mke. Ila kazi haimruhusu kuja, nikaha itafungwa hukohuko. Mwasiti alimfungia Zuwena sanduku kwa mikono yake. Alimpa vyungu vyake vizuri, na juu yake akampa debe la mawese, mafuta mekundu ya kwao Ujiji ambayo Shinyanga nzima hakuna aliyeyapikia ila yeye, na ambayo yalimfikia kwa treni kwa nadra. Zuwena alimlilia begani asitake kumwachia. Mwasiti alidhani ni uchungu wa kuagana.

Tangu hapo Salehe alikuwa akileta salamu. Zuwena hajambo. Zuwena anasema asante kwa kanga. Mumewe ni mtu mzuri lakini yuko kazini siku zote, hata kumwona ni bahati. Mwasiti naye akampa Salehe vitu vya kupeleka, samli, ubuyu, chupa ya mawese kila alipoyapata. Sabiti hakumkumbuka Zuwena. Zuwena alipoondoka, yeye alikuwa bado anatambaa.

Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, Salehe alisema kwamba kule kwenye machimbo kuna tabibu anayechungulia koo za watu kwa kioo. "Nimchukue Sabiti akamtazame." Mwasiti hakuamini masikio yake. Mtu ambaye hakuwahi kumpeleka mtoto hata sokoni, leo anataka kumbeba mpaka Geita! Alimwona mumewe kuwa baba, akaona haya kwa mawazo mabaya aliyowahi kuwa nayo. Alimvika mtoto kanzu mpya, akatia chupa ya mawese kwenye furushi kwa ajili ya Zuwena, na muda wote walipokuwa huko aliweka fungu la wasafiri wawili katika bakuli lile moja.

Walirudi. Tabibu, akasema Salehe, alikuwa amekwenda Mwanza. Na Zuwena hawakumwona. Mumewe amemhamishia Kharumwa kwa ndugu zake, ile chupa amepewa mtu ampelekee. Sabiti alikuwa amenona. Mwasiti alimkalisha mafigani, akamuuliza alikula nini Geita.

"Samaki," alisema Sabiti.

"Halafu?"

Mtoto alimtazama baba yake, aliyekuwa mlangoni akivua viatu. Kidole kikaenda kinywani.

"Usimchoshe," akasema Salehe. "Ametoka safari."

Jioni ile, Mwasiti alipopakua, Sabiti alilichukua bakuli la buluu kabla halijajazwa. Akaligeuza mikononi, akalitazama, akamtazama mama yake, kama mtu aliyeambiwa jambo na anataka kulihakikisha. Mwasiti alilipokea, akatia upawa wa kwanza, akasema jina la Zuwena, maana ndiye sasa aliyebaki mbali na nyumba. Mtoto alikunja uso vilevile kama siku ya mlenda usio na chumvi.

Ramadhani yote walifanya mazoezi ya pilau. Mwasiti aliamua kwamba siku ya Idi Sabiti asimulie chakula kitakachokuwa mbele ya wageni: mchele ulivyopembuliwa, nyama ilivyochemshwa, vitunguu vilivyoungua kidogo, bizari iliyomfanya apige chafya. Ile chafya aliipenda, akaisimulia vizuri.

Idi ikafika. Ukumbini walikaa wanaume: Salehe, Mwalimu wa chuo na wazee wawili wa msikitini. Nyuma ya pazia, kwenye mlango wa uani, walikaa wanawake: Mwasiti, Bi Mwanaidi na Mageni aliyealikwa kwa sababu bila maziwa yake siku haikukamilika. Kabla sinia halijapelekwa, Mwasiti alijaza bakuli la buluu. "La Zuwena, huko aliko," alisema kwa sauti. Bi Mwanaidi alikohoa, akasema moshi umemwingia.

Walipokwisha kula na kunawa, Salehe alimwita mwanawe, akamsimamisha katikati ya mkeka. Mwasiti alibana jicho kwenye upenyo wa pazia. Aliona mabega madogo ndani ya kanzu.

"Haya, bwana mdogo," alisema Mwalimu. "Nasikia unajua kusimulia."

Kidole kikaanza kupanda kuelekea kinywani. Mwasiti, kinyume cha kanuni zake zote, akanong'ona nyuma ya pazia, "Mchele..."

Mwalimu alimsikia. Alikuwa mzee mtulivu asiyependa kudanganywa. "Aa, pilau. Pilau nimeila, na mama yake amemkaririsha kama kasuku. Hapana, mwanangu. Mimi niambie chakula kitamu kuliko vyote ulivyowahi kula. Chochote. Popote."

Mwasiti aliona amekwisha. Mwezi mzima wa pilau umekwenda na maji. Ukumbini Salehe aliegemea mto wake, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejua shauri limeshaamuliwa. Mageni alimshika Mwasiti goti.

Kidole kikashuka.

"Samaki," alisema Sabiti.

Kisha Mwalimu, bila kujua kwamba anatamka neno la bibi wa Ujiji, akauliza, "Halafu?"

"Samaki ana macho. Si mkavu. Ametoka ziwani, analoa. Mama mdogo akamkwangua magamba. Moja likaruka, likaganda hapa." Akagusa paji la uso wake. Wazee wakacheka. Nyuma ya pazia Mwasiti alijiziba mdomo kwa kanga ili asipige vigelegele. Maneno yalikuwa na kichwa, yalikuwa na miguu, yalikuwa na magamba! Ilimchukua muda mfupi kusikia kwamba ndani yake mlikuwa na mtu.

Mama mdogo nani?

"Pilau ya watoto inapoa," alisema Bi Mwanaidi kwa haraka. "Mwiteni huyo mtoto aje ale."

"Halafu?" akasema Mwalimu.

"Halafu akabandika chungu. Akatia mafuta. Mafuta mekundu. Yakanuka kama nyumbani."

Mageni aligeuka kumtazama Mwasiti. Hata yeye aliyajua mafuta yale. Na furaha ilikuwa bado imemjaa Mwasiti kiasi kwamba jambo la kwanza lililomjia lilikuwa furaha nyingine: Zuwena! Ni Zuwena huyo, na samaki wake, na mawese yangu! Jambo la pili lilikuja polepole. Salehe alisema hawakumwona.

Akamtafuta Salehe kwenye upenyo. Hakuwa ameegemea mto tena.

"Inatosha, Mwalimu," alisema Salehe. "Umemsikia. Anasema, alhamdulillahi."

"Mwache amalize, ndiyo kwanza anakolea," alisema Mwalimu, akajisogeza mbele. "Halafu, mwanangu?"

Sabiti alikuwa amekolea kweli. Macho yalikuwa hayamwoni mtu; yalikuwa Geita, mbele ya chungu. "Halafu samaki akaiva. Mama mdogo akachukua upawa. Mimi nikachukua bakuli dogo, nikampa. Atie la msafiri. Mama mdogo akacheka. Akasema, leo hatuweki. Siku zote tunaweka, leo hatuweki. Msafiri amerudi nyumbani. Akampakulia baba."

Mwasiti akayasikia maneno yale kwa sauti ya Zuwena, na kicheko chake, na vile alivyokuwa akiinamisha kichwa akipakua. Siku zote tunaweka. Kwa hiyo wakati yeye hapa alitaja jina la Salehe juu ya bakuli la buluu, Salehe alikuwa kule amekaa nyumbani kwake anakula. Na aliporudi hapa kwa mkewe, kule waliweka fungu, kwa kuwa huku ndiko kulikokuwa safari. Fundi wa mitambo hakuwepo. Hakuwahi kuwepo. Vyungu alivyovifunga kwa nyasi visivunjike, kanga, samli, kila chupa, alikuwa akimpambia mumewe nyumba ya pili. Na kile kiapo cha leo, cha kutooa mtoto akisema! Alimwekea dau la kitu alichokwisha kukila zamani. Alimgeukia Bi Mwanaidi, na Bi Mwanaidi alikuwa ameinamisha uso, anachambua pindo la kanga yake. Naye alijua: ile "Oa" yake ilikuwa ya kumfungulia mlango aliyekwisha kuolewa.

"Nyamaza!" Ilikuwa sauti ya Salehe. "Nyamaza, mtoto mwongo wewe! Nani kakufundisha uongo huo?"

Mwasiti akageuka kwenye upenyo. Sabiti alikuwa amenywea ndani ya kanzu. Midomo ilikuwa imekazwa, na kidole, taratibu, kilikuwa kinapanda.

Angeweza kukiacha kidole kile kifike kinywani. Hilo ndilo alilolifikiria, na haifai kumsingizia kwamba hakulifikiria. Mtoto anyamaze, wageni waombe ruhusa waondoke, heshima ibaki nyuma ya pazia pamoja naye, na alie baadaye kwa nafasi. Kila neno lililobaki ndani ya kinywa kile lilikuwa la kumchoma yeye. Kisha akakumbuka jambo moja, nalo lilimuuma kuliko samaki na kuliko Zuwena: Salehe hakumchukua mwanawe Geita kwa ajili ya tabibu, wala hakumchukua kwa ubaba. Alihitaji kisingizio cha safari nyingine kabla ya wakati wake, na mtoto asiyesema alikuwa mwenzi salama. Alimchukua kwa sababu ni bubu. Na sasa anataka awe bubu tena.

Mwasiti alijitanda kanga kichwani, akasukuma pazia, akaingia ukumbini mbele ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wazee wakatazama mkeka. Alipiga magoti mbele ya mwanawe, akamshusha kidole kwa upole.

"Safari haikatwi," alisema. "Halafu, mwanangu?"

"Mama Sabiti!" alisema Salehe.

"Halafu?"

Mtoto alimtazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta kama amekosea. Mwasiti alitabasamu. Tabasamu lile lilimgharimu kuliko uchungu wa kumzaa.

"Halafu mtoto akalia," alisema Sabiti kwa sauti ndogo.

"Mtoto yupi?"

"Wa mama mdogo. Mdogo, hana meno. Baba akambeba. Akamwimbia."

Mwalimu alishusha tasbihi yake. Nyuma ya pazia Mageni alisikika akisema kitu kwa Kisukuma, kifupi, ambacho hakuna aliyekitafsiri.

"Halafu?"

"Halafu tukala. Mimi nikapewa kichwa cha samaki."

"Chumvi ilitosha?"

Sabiti alifikiri, maana lilikuwa swali la haki. "Ilitosha."

"Halafu?"

"Halafu tukalala. Mimi mkekani. Baba na mama mdogo ndani." Akavuta pumzi, mabega yakashuka. "Nimefika."

"Umefika salama, mwanangu," alisema Mwasiti. "Umesimulia vizuri sana." Akambusu paji la uso, pale gamba lilipoganda.

Mmoja wa wazee alitafuta viatu vyake kwa macho. Mwisho Mwalimu alikohoa, akasema mtoto huyu aletwe chuoni Jumamosi, ana kumbukumbu, na mtu mwenye kumbukumbu haachwi akachunge ng'ombe. Hakumgeukia Salehe kudai kile kiapo. Salehe alianza, "Mwasiti, dini inaniruhusu..."

"Dini inakuruhusu kuoa," alisema Mwasiti. "Haikukuruhusu kunibebesha sanduku la bibi harusi wako kichwani. Ungeniambia, Salehe. Ningelia, ningekupigia kelele, ningetukana, lakini ungeniambia! Mimi nimemlea yule. Nimekaa hapa naomba mtoto aseme ili usiniletee mke, na wewe unanitazama naomba."

Aliinuka, akaenda uani. Bi Mwanaidi alimpisha. Juu ya kichanja bakuli la buluu lilikuwa bado limefunikwa, pilau ya Zuwena imeanza kupoa. Mwasiti alilichukua kwa mikono miwili, akarudi nalo ukumbini, akaliweka juu ya mkeka mbele ya mumewe, akaondoa kawa.

"Kula," alisema. "Ni lako. Kisha ufunge mzigo wako kabla jua halijawa kali, na mama yako akitaka kukusindikiza asizuiwe."

Salehe alilitazama bakuli. Hakulishika.

Sabiti alikuja akasimama kando ya mama yake, akamshika kanga. Alitazama bakuli, kisha baba yake, kisha mama yake, akikunja uso kwa kuwaza.

"Mama," alisema. "Baba ni msafiri?"

"Ndiyo, mwanangu. Baba ni msafiri."

Mtoto alingoja. Alikuwa amefunzwa kwamba mwenzio akianza safari unamsikiliza mpaka afike, humdokezei wala humkatizi, na neno lako ni moja tu.

"Halafu?" aliuliza.

Mwasiti alimwangalia. Ukumbi mzima ulikuwa unangoja pamoja na mtoto.

"Halafu tutaosha vyombo," alisema, na hapo ndipo sauti ilipomkatika.